Bati I Hai, Hamira Imekufa

Wenzangu wa karakana,

Jana niliwaachia funguo, tanuri dogo, chuma cha kulehemia na mtungi wa kioo. Mliniuliza mbona sikuwaachia na daftari la kijani. Nitawajibu, lakini nitaanzia mbali. Mtu wa kutembea kama mimi hajui njia ya mkato.

Kwanza hili la kustaafu. Watu hunihesabia miaka wakacheka: arobaini na minane, naye astaafu? Goti halisomi kitambulisho. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, kwa hiyo king'ora chake hufungwa chini, shibiri mbili kutoka sakafuni. Miaka ishirini na saba nimepiga magoti majikoni mwa watu, kutoka Mikindani hadi Mtongwe. Wako wanaodhani magoti haya meusi ni ya ibada. Sikuwahi kuwakanusha.

Nilifika karakana ya Bi Rukia pale Changamwe nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Yeye alikuwa ametumikia maabara ya shule ya wasichana miaka mingi, kisha akaacha, akafungua kibanda cha kutengeneza mita na ving'ora vya maghala ya mafuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa Mvita hasa, mwenye miwani miwili: mmoja machoni, mmoja utosini.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Wajua kunusa?"

"Naam, najua."

"Basi sahau. Pua ya mtu huzoea. Keti na uvundo robo saa, hutausikia tena. Mimi nataka chombo kisichozoea."

Akanipa kioo cha kukuzia na kichembe kidogo kuliko punje ya mtama, kimeshikwa na nyaya nyembamba kama unywele. Hicho ndicho kihisi, moyo wa king'ora chochote cha gesi. Aliniambia ni bati, si bati la paa, ni ile bati ya kulehemia iliyoungana na oksijeni ikawa unga, na unga ukaokwa ukashikana. Jina lake oksidi ya bati. Ndani yake mna waya wa kuipasha moto. Ikiwa ya moto na hewa ni safi, oksijeni huing'ang'ania ngozi yake na kuushika umeme usipite vizuri. Gesi ikija, huila ile oksijeni, umeme ukaachiliwa, sindano ya mita ikapanda, king'ora kikalia. Nililielewa hilo kwa siku moja, nikajiona fundi.

Lililonichukua miaka ni jambo la pili. Oksidi ya bati peke yake ni mvivu. Spirit na marashi huyasikia upesi, maana hayo ni mepesi kuungua. Gesi ya kupikia ni ngumu kidogo, na bati tupu huisikia kwa kusuasua. Ndipo viwandani huitia chembe za madini mengine, kidogo mno: paladi, platini, fedha, shaba. Kila moja na tabia yake. Shaba huifanya iwe kali kwa uvundo wa mayai viza. Paladi huishika gesi na kuivunjavunja kabla haijafika kwenye bati, ndiyo maana ving'ora vya jikoni hutegemea hiyo. Paladi yenyewe haipigi kelele. Hufungua mlango tu.

Bi Rukia hakutumia neno lolote la kitabuni kwa hayo madini. Aliyaita hamira.

"Unga usio na hamira wafura?"

"Haufuri."

"Haya. Kapige deki."

Alikuwa na kichupa cha chumvi ya paladi alicholetewa na binamu yake aliyekuwa makanika wa meli. Alikuwa akidondoshea tone moja juu ya vihisi vitupu, akivioka katika lile tanuri mlilorithi, kisha akivipima. Siku moja alikwenda mazikoni, nami nikaona nimsaidie. Ikiwa tone moja laamsha bati, nikasema, matatu yatailiza. Nikadondosha matatu. Aliporudi tulikipima pamoja, na kihisi changu kilikuwa kibovu kuliko kile kitupu. Paladi ikizidi hujikusanya madonge, ikaifunika bati yenyewe.

"Wayajua mahamri yaliyozidi hamira?"

"Huchacha."

"Na hiki kimechacha." Akakitia katika mkebe wa halua, pamoja na kimoja kitupu kabisa, bati isiyotiwa kitu. "Weka hivi viwili. Siku moja utasahau, navyo vitakukumbusha." Mkebe ule ukapanda rafuni, nami nikausahau sawasawa na alivyosema.

Ving'ora vya majumbani vilipoanza kutakiwa, nilipata nilichozaliwa kwa ajili yake: ruhusa ya kuzunguka. Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa nyumba ya wafanyabiashara wa zamani kule Kisauni. King'ora chao kililia kila Alhamisi baada ya Alasiri, na siku nyingine kimya. Nilikwenda Jumatatu, nikakuta kizima. Nikaenda Jumatano, kizima. Bi mkubwa wa nyumba akaniambia, "Mwanangu, chombo chenu kina jini. Twafukiza udi ili tukae kwa raha, nacho chapiga ukemi kama kimechomwa."

"Yaani chalia mkifukiza udi?"

"Wallahi. Sasa niambie, kitu kisichopenda udi ni kitu gani kama si shetani?"

Moshi wa udi una mambo mengi yanayoungua, na bati haibagui. Nilikisogeza mbali na sebule, nikakitilia kichujio cha mkaa uliosagwa mbele ya tundu, kikatulia. Bi mkubwa alinipa sahani ya halua, akakifukizia udi kile king'ora mara tatu kuhakikisha kimesilimu.

Likoni ndiko kulikonitoa jasho. Kule chumvi ya bahari haikupi hata mwaka. Skrubu huota kutu, maji ya chumvi huingia ndani ya boksi, nyaya zikawa kijani. Nilikuwa nikivuka feri kila wiki kutengeneza vilevile nilivyotengeneza wiki iliyopita. Siku moja huko Mtongwe nikamwona fundi wa madirisha akiziba vioo kwa gundi nyeupe ya silikoni, ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Nikanunua mrija. Nikafungua king'ora, nikapaka gundi kwenye maungio yote kwa ndani, nikaacha tundu la kuingilia hewa peke yake. Miezi sita, hakuna kutu. Nikajisifu feri nzima. Nikaanza kuvifunga vyote hivyo, Likoni, Kisauni, hata huku bara zaidi ambako chumvi haifiki. Kila nilichokifunga niliandika jina na mahali katika daftari la kijani.

Nilimletea Bi Rukia kimoja akitazame. Alikigeuza chini juu, miwani yote miwili machoni.

"Kizuri," akasema. "Umekipima kwa mtungi?"

"Nimekipima."

Nilikuwa nimekipima kwa pamba.

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Sheria ya karakana mnaijua: king'ora hutiwa ndani ya mtungi wa kioo wa lita tano, kifuniko kikafungwa, kisha gesi halisi ya kupikia mililita kumi zikaingizwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kiasi hicho hakiwezi kushika moto, na king'ora kizima lazima kikisikie. Lakini mtungi ni mzito, na mmoja ulikuwa umenivunjikia nikiwa juu ya bodaboda. Pamba yenye spirit yaingia mfukoni. Unaipitisha mbele ya tundu, king'ora chalia, mteja anacheka, unaondoka. Nilifanya hivyo miaka miwili.

Mama Kadzo alikuwa akiuza mahamri na viazi vya karai kule Mjambere, jikoni mwenye mtungi mkubwa wa gesi na dirisha moja dogo. Homa ile iliyozunguka dunia ilimwachia uhai, ikaondoka na pua yake. Hakusikia tena harufu ya kitu chochote. "Iliki siisikii, naihesabu," aliniambia siku nilipomfungia king'ora. "Mafuta nayasikiliza yakichemka. Lakini gesi, baba, haina mlio. Hiyo umenishikia wewe." Nikampitishia pamba, kikalia, akapiga makofi.

Miezi minane baadaye akanipigia simu asubuhi.

"Fundi, njoo."

"Mama Kadzo, niko Chaani, mchana nitaku..."

"Njoo sasa."

Nilikuta karai baridi, na yeye ameketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jirani yake Riziki ndiye aliyenisimulia. Alikuwa amekuja kununua mahamri ya watoto, akafika mlangoni, harufu ya gesi ikampiga usoni. Mpira wa mtungi ulikuwa umepasuka. Mama Kadzo alikuwa ameinama juu ya jiko, njiti mkononi, kiberiti mkono wa pili.

"Sikumwamkia hata," Riziki alisema. "Nilimrukia."

King'ora kilikuwa ukutani, taa yake ya kijani ikiwaka. Kimya.

Nilitoa pamba. Niliipitisha, na king'ora kikalia vizuri, kwa nguvu, kama siku ya kwanza. Nikapumua. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kizima hiki, Mama Kadzo. Labda gesi haikufika chini."

"Ilifika mlangoni kwa Riziki, ikashindwa kufika ukutani kwangu?"

"Nasema labda..."

"Fundi. Chakulilia wewe. Mimi hakinililii." Akainuka, akasimama mlangoni. "Hutoki hapa na kibegi chako ukaniambia ni kizima. Kibandue. Uende nacho, uje uniambie kina nini. Mpaka hapo sipiki, na watoto wangu wala hawaendi shule kwa mahamri ya kufikiria."

Nilimbadilishia mpira wa mtungi, nikabandua king'ora.

Bi Rukia alikitia katika mtungi, akafunga, akaingiza mililita kumi. Tukangoja. Taa ya kijani. Akaingiza kumi nyingine. Taa ya kijani. Akakitoa, akadondosha spirit kwenye kitambaa, king'ora kikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Ndipo akanyoosha kidole rafuni. "Niteremshie mkebe wa halua."

Alitoa kile kihisi kitupu cha zamani, bati isiyotiwa kitu, akakiunga kwenye mita. Kwa spirit, sindano ilipanda mbio. Kwa gesi, ilijikokota kidogo, ikachoka. Akaunga kihisi cha Mama Kadzo. Spirit, mbio. Gesi, kujikokota. Ndugu wa tumbo moja. Akaunga kipya kutoka kiwandani, na kwa gesi sindano ilifika mwisho wa mita.

"Waona?" alisema. "Bati i hai. Hamira imekufa."

Kisha akakinusa kile kiboksi. Siki ilikuwa imekwisha zamani, lakini gundi aliiona.

"Hii ni nini?"

"Silikoni. Ya kuzuia chumvi."

Alivua miwani yote miwili. Akanieleza kwa sauti ya darasani ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. Gundi ile hutoa mvuke mwezi baada ya mwezi. Mvuke ukigusa kichembe cha moto, huungua na kuacha utando mwembamba wa kioo, na utando huo huanza pale penye kazi nyingi, juu ya chembe za paladi. Bati ya chini hubaki na nguvu ya kusikia vitu vyepesi kama spirit. Mlango wa gesi umepigwa plasta.

"Nilikuuliza kama umekipima kwa mtungi."

"Uliniuliza."

"Umefunga vingapi hivi?"

Nilifungua daftari la kijani ingawa jawabu nilikuwa nalo. "Sitini na vinne."

Nilidhani atanifukuza. Ningefurahi. Badala yake alivuta simu yake, akaanza kusoma nambari kutoka ukurasa wa kwanza. "Mimi miguu yangu imekwisha, nitapiga simu. Wewe utatembea. Wote wafunge mitungi usiku, wafungue madirisha, wasikiamini chombo mpaka ufike. Na sikiliza vizuri. Usiwaambie chombo kimeharibika. Waambie wewe umekiharibu."

Nilianza kwa Mama Kadzo, jioni ileile. Nilimwambia kama nilivyoagizwa. Hakunisamehe, wala hakunitukana. Alitaka kuona. Tuliweka king'ora kipya ndani ya mtungi, nje chini ya kamba yake ya nguo, na nilipochukua bomba la sindano akaninyang'anya.

"Lete. Nasukuma mimi."

Akasukuma. Hesabu kumi haikufika, kikalia. Akaruka nyuma akicheka na machozi yakimtoka. "Mulungu wangu! Sasa hiki changu." Kisha akauliza mtungi kama ule wapatikana wapi. Nikamwambia ni mtungi wa achari tu uliotobolewa kifuniko. Akaingia ndani, akamwaga achari yake ya ndimu kwenye bakuli, akanipa mtungi niutoboe. Tangu siku hiyo kila mwezi ukiandama hujipimia mwenyewe. Sijui fundi yeyote katika mji huu afuataye sheria kumshinda yeye.

Waliobaki hawakuwa wepesi hivyo. Mwenye mkahawa mmoja wa Ziwa la Ng'ombe alikataa nisiguse ukuta wake. Alikuwa amejifunza kwangu, akatoa marashi mfukoni, akapuliza, king'ora kikalia mbele ya wateja.

"Hiki si chalia? Wataka kuniuzia kipya, sema."

"Sikuuzii. Nakubadilishia. Niliharibu mwenyewe."

"Fundi asemaye ameharibu? Hiyo ndiyo biashara mpya?"

Sikubishana. Nilikiweka kiboksi chake katika mtungi juu ya meza ya chai, nikaingiza gesi, nikakunja mikono. Wote tukatazama taa ya kijani. Mpishi wake alikwenda nyuma bila kuambiwa, tukasikia akifunga mtungi wa gesi. Mwenye mkahawa akarudisha marashi mfukoni.

Kazi ile ilinichukua muda mrefu, kwa kuwa watu wa majikoni huhama. Nilimfuata mwanamke mmoja nyumba tatu, kutoka Magongo hadi nyuma ya uwanja wa ndege. Nilimkuta mwingine amekitia king'ora changu sandukuni, akingoja ajenge nyumba. Nilivuka feri asubuhi na jioni. Kila nilipobadilisha kimoja nilikata jina katika daftari kwa mstari mmoja, na Bi Rukia alitaka auone mstari ule kwa macho.

Majina sitini na matatu yamekatwa. Moja halijakatwa. Ni la Karisa, aliyekuwa akiuza supu ya pweza Likoni, karibu na Shika Adabu. Alihama na king'ora chake kabla hatujampigia, na simu yake haipatikani. Nilisikia yuko Mtongwe, nikaenda, alikuwa ameshaondoka. Nilisikia amehamia Kisauni kwa shemeji yake, shemeji akasema yuko Likoni. Mahali fulani, mtu huyo anawasha jiko akitazama taa ya kijani niliyomwekea mimi.

Bi Rukia mlimzika nami, kwa hiyo mnajua jinsi siku zile za mwisho alivyokuwa hazungumzi sana. Niliingia chumbani, nikamwamkia. Hakuuliza hali yangu wala ya karakana.

"Karisa?"

"Bado, Bi Rukia."

Akafumba macho. "Basi wafanya nini hapa?"

Ndiyo sababu daftari sikuwaachia. Karakana ni yenu, na nyinyi mna magoti. Mkitaka kuongeza kitu chochote ndani ya king'ora, iwe gundi, rangi, dawa ya wadudu au mafuta ya kulainisha, kwanza kiwekeni pamoja na kihisi kinachowaka miezi mitatu, kisha mkipime kwa gesi ileile atakayoichoma mteja. Mkebe wa halua uko rafuni. Sasa una vihisi vitatu: kitupu, kilichochacha, na cha Mama Kadzo.

Na mkikutana na king'ora cheupe chenye ukingo wa gundi kwa ndani, msikipitishie pamba. Kizimeni, fungueni madirisha, mnipigie.

Kesho asubuhi naanzia Shika Adabu, kwa wauza pweza, mmoja baada ya mwingine. King'ora kipya kimo mkobani. Mtungi wa karakana nimewaachia, kwa hiyo nilipita Mjambere kuaga, na Mama Kadzo akaniazima wake wa achari. Alinifungia kwa kanga usivunjike. Amesema niurudishe siku jina la Karisa litakapokatwa, na kabla ya hapo nisimletee salamu.